Mgeni wa Magurudumu Mawili

Karibu na mji wa Kirkenes, kaskazini kabisa ya Norwei, pana kituo cha mpakani kiitwacho Storskog. Ndicho kivuko pekee cha barabara baina ya nchi hiyo na Urusi. Mwaka 2015 kanuni za upande wa Urusi hazikumruhusu mtu kuvuka hapo kwa miguu, na upande wa Norwei dereva aliyempakia asiye na viza aliweza kushitakiwa. Baiskeli hakuna aliyeikumbuka. Basi mwaka huo watu zaidi ya 5,000, Wasyria, Waafghani na wengineo, walivuka wakikanyaga pedali. Baadhi yao, watu wazima, walipanda baiskeli za watoto, magoti yakigonga usukani. Walipofika, baiskeli zao zilirundikwa nje ya kituo, kisha zikapelekwa kusagwa, kwa hoja kwamba hazikutimiza masharti ya usalama wa barabarani ya Norwei.

Katika pembe hiyohiyo ya dunia ndipo inapoanzia njia ya waendesha baiskeli iitwayo EuroVelo 13, Njia ya Pazia la Chuma. Hufuata mpaka ulioigawa Ulaya hadi 1989, ikateremka karibu kilomita 10,000 mpaka Bulgaria, ufukweni mwa Bahari Nyeusi. Mwanasiasa Mjerumani Michael Cramer ndiye aliyeipigania, na nia yake ilikuwa njema: pale palipokuwa na minara ya walinzi, pawe na wapita njia.

Sitaki kumdhihaki msafiri wa njia hiyo. Taabu yake ni taabu kweli. Upepo wa mbele hauhongeki. Mvua ya siku tatu huingia hata ndani ya mifuko iliyoapiwa kwamba haiingii maji. Hata pale ambapo mpaka umeondolewa, sheria hubadilika chini ya tairi lake bila ya yeye kuona. Hispania humtaka avae kofia ngumu nje ya miji. Ufaransa, tangu 2008, humtaka avae kizibao king'aacho usiku nje ya miji. Na akiwa si raia wa Ulaya, huhesabu siku zake kama mfungwa: 90 katika kila 180, akitaka asitake. Kwa mwenye gari ni nyingi. Kwa anayekwenda kilomita 70 kwa siku, akalala pale miguu ilipogoma, bara zima halimalizwi.

Tena sisi wenye pasipoti za huku tunatakiwa, kabla hata ya kuhesabiwa siku hizo, tuoneshe tutakapolala, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na dalili kwamba tutarudi. Mwendesha baiskeli ataandika nini penye nafasi ya malazi? Uhuru anaousifu, wa kutojua usiku utamkuta wapi, ndiyo hasa shaka inayomnyima viza mwenzake.

Hapa ndipo swali lilipo. Miili miwili inakanyaga mnyororo wa namna moja, kwenye baridi ya namna moja. Mmoja huitwa shujaa, mwingine huitwa tatizo. Aghalabu tunajibu kwamba wa kwanza amechagua taabu yake na wa pili amelazimishwa. Ni kweli, lakini tazama tunavyolitumia jibu hilo: tunamsifu aliyekuwa na hiari ya kubaki nyumbani, na kumtilia shaka asiyekuwa nayo. Akili yangu hailikubali.

Immanuel Kant, aliyeishi karibu maisha yake yote Königsberg, aliandika mwaka 1795 katika kitabu chake cha amani ya kudumu kwamba uso wa dunia ni wa wote, na kwa kuwa dunia ni mviringo, hatuna budi kuvumiliana. Alitenga haki mbili. Haki ya kukaa kama mgeni wa nyumba huhitaji mapatano; haki ya kuzuru, yaani kujitokeza mlangoni bila kutendewa uadui, ni ya kila binadamu. Mwenyeji aweza kumkataa mzuru, iwapo kukataliwa huko hakumwangamizi.

Anayejaribu kulitia hili katika Kiswahili hukwama, maana kwetu asiyejulikana na anayekaribishwa hubeba neno moja: mgeni. Nimewahi kudhani ni upungufu wa lugha. Siku hizi naona Kiswahili kinakataa kuchora mstari ambao Kant aliuhitaji. Walakini sharti lake la mwisho linabaki na uzito: walinzi wa mpaka hawana budi kuuliza kinachomngoja mtu huyu nyuma yake kabla ya kuikagua breki ya baiskeli yake.

Upande wa kusini, njia ya 13 hukaribia mpaka wa Bulgaria na Uturuki. Zama za Pazia la Chuma, Wajerumani wa Mashariki walijaribu kutorokea huko, na wako waliopigwa risasi kwenye mipaka ya Bulgaria. Kuanzia 2014 ulijengwa uzio mpya kwenye mpaka huo. Ule wa zamani ulimlenga anayetoka, huu unamlenga anayeingia. Mtalii hupita maeneo hayo na chupa yake ya maji, akitafuta kibao kinachoonesha kilomita zilizobaki hadi baharini.