Bahari Ndani ya Kioo: Je, Ni Haki?

Katika nyumba za mijini si ajabu tena kukuta sebuleni tangi la kioo lenye samaki. Mengi ni ya samaki wa maji baridi, nao hawana makuu. Lakini yapo pia matangi ya maji chumvi, yenye matumbawe hai, anemoni na samaki wa kila rangi. Yaani kipande cha mwamba wa bahari kilichohamishwa na kuwekwa karibu na kabati la vyombo. Baadhi ya vijana wetu wanatamani kuwa nayo. Mmoja aliuliza baada ya mafundisho ya Kipaimara kama jambo hilo ni halali kwa Mkristo, na mwenzake akamjibu upesi kwamba ni kufunga viumbe wa Mungu gerezani kwa ajili ya fahari ya mwenye nyumba. Wote wawili ni watoto wa pwani, na wote wawili wanastahili kujibiwa vizuri.

Wapo wanaodhani neno hili lilikwisha kuamuliwa katika sura ya kwanza ya Mwanzo, pale mwanadamu alipopewa mamlaka juu ya samaki. Hao hufunga kitabu mapema mno. Katika sura ya pili mtu yule yule anawekwa bustanini awe mkulima na mlinzi wake, na mamlaka yasiyojua kulinda ni mamlaka ya Farao. Tena iko sehemu moja katika kitabu cha Ayubu ambayo hatuisomi mara nyingi kanisani. Mungu anamuuliza Ayubu juu ya yule mnyama mkuu wa baharini, kama ataweza kumfanya kitu cha kuchezea kama ndege, na kumfunga kamba kwa ajili ya binti zake. Ni swali la kumnyenyekesha mtu. Bahari haikuumbwa iwe mchezo wetu. Hata hivyo sioni kwamba Ayubu alikatazwa kuitazama. Sura zile zote ni mwaliko wa kutazama.

Basi tuangalie kwanza kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wengi hulaumu au husifu wasichokijua.

Tumbawe ni mnyama. Ni vinyama vidogo vingi vilivyoshikamana, vinavyojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya nyama yake huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo anayetaka kumweka tumbawe nyumbani hana budi kumpa mwanga mkali kwa saa kadhaa kila siku, maji yanayokwenda bila kusimama, joto la nyuzi 24 hadi 26 hivi, na chumvi ya gramu 35 katika kila lita. Tangi la lita 80, ambalo huhesabiwa kuwa dogo, hutaka karibu kilo tatu za chumvi, na likijazwa maji, mchanga na mawe huweza kupita uzito wa kilo mia moja. Meza ya kahawa haitalibeba.

Tena, siku ya kwanza halitiwi samaki hata mmoja. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu pia, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huota polepole juu ya mawe na mchanga, na mara nyingi huchukua majuma manne hadi sita kabla hawajatosha. Muda wote huo mwenye tangi anatazama maji na mawe matupu, huku akipima kila baada ya siku chache. Hapo ndipo wengi hushindwa. Wameshalipa fedha, wageni wanauliza samaki wako wapi, basi wananunua watatu na kuwatia. Baada ya siku chache wanawatoa wamekufa, wanakwenda kununua wengine. Ukiniuliza dhambi ya matangi iko wapi, nitakuonyesha kwanza mahali hapo. Kioo chenyewe hakina hatia. Hatia iko katika haraka yetu, ambayo gharama yake hulipwa na kiumbe asiyeweza kulalamika. Mithali inasema kwamba mtu mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake, na sioni sababu ya kumwacha samaki nje ya neno hilo kwa kuwa hana sauti.

Watu huanza na tangi dogo wakidhani ni rahisi zaidi. Ni kinyume. Katika maji machache kila kosa huwa kali: joto hupanda upesi, sumu hujaa upesi, na umeme ukikatika usiku (nasi twaujua umeme wetu) pumzi ya samaki hupungua kabla ya alfajiri. Maji yanapokauka, yanayopanda hewani ni maji matupu, chumvi hubaki. Kwa hiyo upungufu huo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Anayejaza kwa maji ya bahari, kwa nia njema kabisa, anazidisha chumvi siku kwa siku mpaka viumbe wake wafe.

Katika habari hii yuko mama mmoja wa Kanisa letu ambaye hatajwi sana. Aliitwa Anna Thynne, mke wa kasisi aliyekuwa na cheo katika Westminster Abbey, London. Mwaka 1846 alikwenda pwani ya Torquay, akaona matumbawe madogo ya bahari ile ya baridi, akayapenda, akayachukua katika chombo hadi nyumbani kwake London. Wakati huo hapakuwa na pampu ya umeme wala chumvi ya kununua katika mfuko, na bahari ilikuwa mbali. Akatambua kwamba maji yale yale yanaweza kutumika tena kama yakitiwa hewa, yaani yakimiminwa kutoka chombo hiki kuingia kile, mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa na zaidi. Mwaka uliofuata aliongeza mwani, na viumbe wake wakaishi na kuzaana. Anahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kufanikiwa kuweka viumbe wa bahari katika maji yaliyosimama nyumbani.

Lakini nani aliyemimina yale maji? Hakuwa mama Thynne. Alikuwa mtumishi wake, msichana wa kazi, ambaye jina lake silioni katika habari hizo. Bibi yake aliandika kwamba binti aliiona kazi ile kama burudani. Labda ni kweli. Nami ningependa kuyasikia maneno ya binti mwenyewe.

Nalitaja hili kwa sababu linatuhusu. Katika nyumba zetu pia, baba hununua tangi na dada wa kazi hubeba ndoo. Yeye ndiye anayefuta kioo, ndiye anayewapa samaki chakula familia ikienda shamba, na samaki wakifa ndiye anayeulizwa. Mtu anayesema anajifunza uumbaji wa Mungu hali kazi yote ni ya mwingine, huyo anajifunza kuagiza tu. Shauri langu kwa kijana aliyeuliza ni hili: ile sehemu ya maji, kama moja ya kumi, inayotolewa kila juma na kurudishwa mapya, itoe kwa mikono yako mwenyewe. Usipoweza, usianze.

Mwingine ni Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe na mhubiri mcha Mungu wa jamii ya Ndugu. Mwaka 1853 alisaidia kutengeneza nyumba ya samaki ya kwanza kwa ajili ya umma, katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 akatoa kitabu kilichoeneza neno akwariamu nchini Uingereza. Aliandika ili watu waone ufundi wa Muumba, nao wakaona. Wakaja pwani ya Devon kwa makundi, wenye nyundo, ndoo na chupa, wakabandua anemoni miambani na kupekua kila kidimbwi. Mwanawe Edmund, katika kitabu cha maisha yao kilichotoka mwaka 1907, anasimulia jinsi vidimbwi vile vilivyokuwa vizuri utotoni mwake vilivyoharibiwa, na jinsi jambo hilo lilivyomhuzunisha baba yake, kwa kuwa alijua ni vitabu vyake vilivyowaleta watu.

Kwangu mimi kisa hicho ni kigumu zaidi kuliko kile cha gereza. Gosse hakuwa mchoyo wala mkatili. Alipenda, akawafundisha wengine kupenda, na upendo wa wengi, kila mmoja akichukua kidogo tu, ulitosha kuangamiza kilichopendwa. Kila mmoja aliyeondoka na anemoni moja angeweza kuapa kwamba hakuharibu kitu.

Sasa tuje kwetu. Samaki wengi wa maji baridi wanaouzwa kwa mapambo huzalishwa na watu, lakini wale wa maji chumvi wengi wao bado hukamatwa baharini. Katika pwani ya Kenya wako wavuvi ambao kazi yao ni hiyo: huzamia na nyavu ndogo, wakakamata samaki wa mapambo wakiwa hai, na makampuni huwasafirisha kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Kazi hiyo ikifanywa kwa kiasi na kwa wavu si lazima iharibu mwamba, na inawalisha watoto. Mkristo asiwadharau watu hao ilhali yeye mwenyewe anakula changu kila Ijumaa. Ziko nchi nyingine, Ufilipino hasa, ambako tangu miaka ya 1960 wengine wamekuwa wakimpulizia samaki sumu ya sianidi ili alewe na kushikika. Sumu hiyo huua na matumbawe, na samaki mwenyewe mara nyingi hufa baadaye akiwa kwa mnunuzi. Mnunuzi haoni ila rangi nzuri. Kwa sababu hiyo anao wajibu wa kuuliza: amekamatwa wapi, na kwa njia gani? Muuzaji asiyejua, au anayekasirika kwa kuulizwa, amekwisha kujibu.

Wako samaki ambao sasa huzalishwa na watu, kama yule mdogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe anayeishi ndani ya anemoni, na matumbawe kadhaa hukuzwa kutokana na vipande. Naona aanzaye aanze na hao. Kwenda ufukweni na nyundo kubandua jiwe ni jambo jingine kabisa. Katika hifadhi za bahari, kama Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968, au Mafia iliyowekwa mwaka 1995, hilo ni kosa la sheria. Na penginepo ofisi ya uvuvi iulizwe kwanza.

Nimesikia pia hoja ya fedha: taa, pampu na chumvi zingenunua unga wa wajane. Wenye matangi hujibu kwa habari ya yule mwanamke wa Bethania na marhamu yake ya thamani. Jibu hilo nalikataa. Marhamu yale yalimiminwa kwa Bwana yakaisha. Hayakuwekwa sebuleni kwa miaka kumi ili wageni wayasifu. Lakini na mlaumu pia ajiangalie, maana ni nadra kumsikia akilaumu televisheni yake mwenyewe kwa hoja hiyo. Mtu atoe fungu lake kwanza kwa maskini, kisha aone kilichobaki kinatosha tangi la lita ngapi.

Hoja ya mwisho ni ya wale wanaosema tangi ni safina ya Nuhu. Bahari imezidi joto: mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa, mwaka 2016 yakageuka tena, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba jambo hilo linaikumba dunia nzima kwa mara ya nne. Basi, wasema, heri kuyahifadhi nyumbani. Neno hili lina ukweli kidogo, kwa kuwa ufundi wa kukuza matumbawe kwa vipande, unaotumika sasa kupanda upya miamba, ulizoewa pia na watu wa matangi. Lakini Nuhu aliingiza wanyama ili awatoe. Sebule haina mlango wa kutokea baharini, na ni vema isiwe nao. Samaki mmoja wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwenye miiba ya sumu na mapezi marefu kama manyoya, alionekana katika maji ya Florida mwaka 1985. Yaaminika kwamba alitoka katika matangi ya watu, huenda kwa mkono wa mtu aliyemhurumia. Leo amejaa Karibiani yote, na samaki wadogo wa huko wanaliwa naye kwa wingi.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeuliza, naona ni halali, nawe mwenzake hukukosea kuogopa. Lakini kabla hujanunua kioo, jua kwamba yule samaki mdogo wa machungwa huweza kuishi tangini miaka ishirini na zaidi. Wewe una miaka kumi na sita. Utakwenda chuo, utaoa, huenda utahamia bara. Mwulize leo mama yako, au rafiki yako yule anayekulaumu, kama yuko tayari kumpokea.