Adabu ya Kuacha

Mgeni akishukia Malampaka, wilayani Maswa, mwezi wa tisa, akapanda bodaboda kuelekea vijijini, hukuta machache ya kusifia. Pamba imeshavunwa, mabua yake yameng'olewa na kuchomwa, na udongo mweusi wa mbugani umepasuka nyufa zinazomeza kiganja kizima. Ng'ombe mbavu zao zinahesabika. Kisha, katikati ya ukame huo, anafika kwenye kipande cha ardhi chenye nyasi ndefu zilizokaukia palepale zilipoota, na migunga imesimama juu yake. Hakina seng'enge wala mlinzi, pengine mstari wa minyaa tu upande mmoja. Mtoto mwenye fimbo begani anapitisha kundi lenye njaa ubavuni mwa nyasi hizo, na hakuna ng'ombe anayeingia.

Hiyo ndiyo ngitili. Mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na moja hivi, mwenye eneo au kijiji hulifunga, mifugo ikachungwe kwingine. Nyasi hukua msimu mzima bila kuguswa, hukomaa, hukauka. Kiangazi kikikaza na malisho ya wazi yakaisha, eneo hufunguliwa kipande kwa kipande, na hata hapo kuna utaratibu: hutangulizwa maksai wa kulimia, ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na wagonjwa. Wenye nguvu wasubiri. Wasukuma walikuwa na mpango huu kabla hatujawa na ofisi yoyote ya maliasili. Nimekuja kuamini kwamba anayetaka kukielewa kijiji cha Maswa asianze na kinachozalishwa. Aanze na kinachoachwa.

Nasema haya kama mkwe. Nimeoa katika kijiji kimoja cha upande huo, na jina lake nalihifadhi, maana ukwe una heshima zake. Mkwe akienda ukweni hana kazi kubwa zaidi ya kula na kutazama. Karibu na mama mkwe hasogei. Anawekewa kigoda chini ya mti pamoja na wazee wa kiume, watoto wanakuja kuchuchumaa mbele yake na kumwamkia "Mwangaluka, baba", na kutoka hapo anaona mji mzima unavyokwenda. Ukikaa kimya vya kutosha, mji hukueleza mambo ambayo maswali yasingekupa.

Nimetazama, kwa mfano, michembe inavyotengenezwa. Viazi vitamu hukomaa kwa pamoja, vingi kuliko matumbo yaliyopo. Wanawake humenya, hukata vipande vyembamba, kisha huvianika juu ya yale majabali makubwa yaliyotapakaa Usukuma yote, ambayo jua likiyapiga huwa hayakanyagiki. Vikikauka hadi kuvunjika kwa sauti mkononi, vinaingia guniani. Vingine huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Hayo ni matobolwa, huliwa na chai. Siku ya kuanika, shemeji yangu mdogo hukaa kando ya jabali na kijiti, kwa ajili ya mbuzi na kwa ajili ya watoto, na sina hakika ni kundi lipi linalomsumbua zaidi. Gunia likishafungwa halifunguliwi hadi Januari au Februari, wakati mahindi na mtama wa mwaka jana vimekwisha na wa mwaka huu uko usawa wa magoti. Hapo michembe huchemshwa, hutiwa karanga zilizotwangwa, na mkwe naye huletewa sahani yake. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa, mboga ya miezi isiyo na mboga. Ghala la Msukuma limepangwa kwa miezi: hiki cha Desemba, hiki cha Februari, hiki cha mbegu. Na cha mbegu hakiguswi hata kama watu watalala na njaa.

Ng'ombe nao wako kwenye mpango huohuo. Watu wa mjini hupenda kumcheka mzee mwenye ng'ombe mia anayetembea na katambuga zilizokatwa kwenye tairi. Hawajui kwamba zizi lile si lake peke yake. Wamo ng'ombe wa ndugu, wamo waliokwisha kutengwa kwa mahari ya kijana fulani, na wake mwenyewe wengine wako kwa rafiki kijiji cha tatu, wamewekwa huko ili ugonjwa, ukame au wezi wasije wakawamaliza wote kwa siku moja. Anayewekewa hunywa maziwa, hutumia samadi, hulimia maksai. Mzee mmoja aliniambia chini ya ule mti, "Siku nikiwaona ng'ombe wangu wote mahali pamoja, silali." Kwake, kuacha mali mikononi mwa mwenzake ndiyo kuilinda.

Lakini tusiwapake watu asali. Simiyu, mkoa ilimo Maswa, ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na pamba ina tabia tofauti na viazi. Hailiwi. Haikopeshwi kwa rafiki. Inabebwa hadi kwenye chama cha ushirika, AMCOS, inapimwa, na fedha ya mwaka mzima inaingia mfukoni ndani ya majuma machache, kuanzia mwezi wa tano au wa sita. Hapo adabu ya kuacha hupwaya. Spika mpya zinalia usiku kucha, pikipiki zinanunuliwa kwa fedha taslimu, na mezani kwa muuza pombe hakuna anayeikumbuka Februari. Wapo pia wanaotia maji na mchanga kwenye pamba ili ipande uzito, kama ambavyo wakulima nao wamelalamikia mizani ya wanunuzi miaka nenda miaka rudi. Kilio cha mizani ni cha zamani. Ndicho kilichowasukuma wakulima wa Usukuma, Paul Bomani akiwa mbele yao, kuunganisha vyama vyao mpaka likazaliwa shirikisho la ushirika la VFCU mwaka 1955. Fedha inayofika yote kwa mkupuo huhitaji uzio mrefu kuliko nyasi.

Adabu hii imewahi kuvunjika kabisa, na inafaa tujue ilivunjikaje. Miaka ya 1920 na 1930 mapori mengi ya upande huu yalifyekwa makusudi ili kuwafukuza mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka. Kisha Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na kazi iwe imekamilika kabla ya mwisho wa 1976. Maswa wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 tu. Operesheni ya kuwahamisha watu ilipopita, familia zilitolewa kwenye miji yao iliyotawanyika, kila mmoja na minyaa yake na ngitili yake, zikapangwa kwa mistari. Zipo zahanati na shule tulizozipata kwa sababu hiyo, na haitakuwa haki kuzisahau. Ila ngitili zilibaki nyuma, mbali na macho ya waliozifunga. Kila aliyepita akakata, naye aliyemfuata akasema kwa nini niache mimi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikizungumzwa kama jangwa lililo njiani.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mawazo yalikuwa ya kawaida: vitalu, miche, kampeni za kupanda miti. Miche mingi ikafa. Kilichokuja kuigeuza nchi ile ni pale maofisa walipokubali kuwasikiliza wazee waliokuwa wakiwaambia kwamba mizizi ingali hai chini ya ardhi, ifungieni tu. Vijiji vikarudisha ngitili. Dagashida, baraza la jadi, likarudi kusikiliza kesi za waliochungia palipofungwa. Adhabu ilikuwa faini ya mbuzi au ng'ombe, na aliyekaidi alitengwa: hasalimiwi, haazimwi moto, na akifiwa anazika mwenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama hekta 600; miaka michache baada ya 2000 makadirio yalizidi hekta 300,000 katika mkoa wote wa zamani. Sehemu kubwa ya miti hiyo hakuna aliyeipanda. Ilichipua kwenye visiki baada ya watu kukubaliana kutoigusa.

Hatuko peke yetu katika hili. Kisiwani Java, nchini Indonesia, ambako majaruba ya mpunga yamepanda hadi ubavuni mwa volkano na watu wamebanana kuliko vijijini kwetu, vijiji vina desturi ya kusaidiana kazi iitwayo gotong royong. Tarehe 1 Juni 1945 Sukarno, kiongozi wa wapigania uhuru wa Indonesia, aliwaambia wenzake kwamba misingi mitano ya taifa lao ikikamuliwa hadi ubaki mmoja, utabaki huo. Mwaka 1962 Nyerere naye aliandika kijitabu chake cha Ujamaa, akitafuta mzizi wa taifa katika familia ya Kiafrika. Wote wawili waliona kitu cha kweli. Ila desturi ya kijiji ikishachukuliwa na taifa hubadilika mikononi: kule Java gotong royong ikaja kuwa jina la kazi za bure zilizoamriwa kutoka juu, na kwetu ikaja amri ya kuhama. Clifford Geertz, mtafiti wa Kimarekani aliyeandika juu ya kilimo cha Indonesia mwaka 1963, aliyaita maisha ya vijiji vya Java umaskini wa kugawana. Waliomfuata wakampinga, wakaonyesha kwamba hata kule kulikuwa na wenye mashamba na wasio na kitu, na kwamba kugawana hakukuwa sawa kama alivyodhani.

Onyo hilo naliweka mbele yetu sisi tunaoisifu Maswa. Sensa ya 2012 ilihesabu Simiyu watu milioni 1.58, ya 2022 ikahesabu milioni 2.14. Ardhi haikuongezeka. Ngitili ya babu mmoja inagawanywa kwa wana wanne, kila mmoja na ukanda wake. Wa kwanza anafunga. Wa pili anaona choroko na dengu zina bei, analima. Wa tatu anakata mkaa. Wa nne amekwisha kuondoka na ng'ombe zake kuelekea Katavi au Morogoro, kama walivyoondoka Wasukuma wengi kabla yake. Yule wa kwanza anaamka asubuhi moja na kukuta kundi la ng'ombe wa watu limelishwa humo usiku. Kuacha ukiwa peke yako ni kumlishia mwenzako mifugo. Ndiyo maana hotuba za kuwaambia wakulima "jiwekeeni akiba" hupita juu ya vichwa vyao. Tunaihubiri akiba kama jambo la moyo wa mtu mmoja, wakati wao wanajua kwamba moyo wa mtu mmoja haufui dafu mbele ya njaa, wala mbele ya fedha ya pamba. Kinachouimarisha ni jirani aliyekubali masharti yaleyale.

Na je, katika kuacha huko, nani anaacha zaidi? Kigoda cha mkwe kinaona hata hili. Wanaume tunakula kwanza, pamoja, na nyama inatufikia sisi. Anayemenya viazi, anayefunga gunia, anayekumbuka ni debe ngapi zilizobaki, anakula mwisho kilichobaki, na akiulizwa atasema ameshiba. Ngitili hiyohiyo ndiyo inayompa kuni, nyasi za kuezekea, mboga za porini na dawa ya mtoto. Ikiisha, mume atahamisha ng'ombe, yeye atatembea mbali zaidi na mzigo kichwani. Lakini siku ya kuamua eneo gani lifungwe na lifunguliwe lini, chini ya ule mti sijawahi kumwona.

Nimewaona wanawake hao kwingine. Kila juma hukutana kwenye kikundi chao cha VICOBA, na katikati yao lipo sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu wa familia tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata mtoto wake akiugua usiku. Atawaamsha wenzake wawili, nao watakuja. Hakuna aliyewafundisha kwamba hiyo ni ngitili ya fedha, na hawakuhitaji kufundishwa. Hapo hata fedha ya pamba hupata uzio.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, wanaume kwa wanawake, nafasi ya kuidhinisha ardhi ipi itengwe kwa matumizi ya wote. Maana yake ngitili inaweza kuandikwa, kupimwa na kulindwa kwa mihtasari, bila kumngojea mfadhili mwingine kama yule wa HASHI. Lakini karatasi peke yake haitamzuia mwenye kundi usiku. Atazuiwa na watu wanaojua kwamba walikubaliana, na makubaliano yaliyofanywa na nusu ya kijiji ni uzio wenye pengo. Wanawake wa Maswa tayari wanaaminiwa funguo za sanduku. Wapewe na za ngitili, kwa sababu anayeombwa kuacha kila siku ana haki ya kuwa na sauti siku ya kufungua.