Sabuni na Zaburi

Mwaka 1879, Harley Procter wa Cincinnati, Ohio, aliisikia Zaburi ya 45 kanisani, ikitaja majumba ya pembe za ndovu. Sabuni nyeupe ya kampuni ya familia yake ikapata jina: Ivory.

Je, ni halali kutumia neno takatifu kuuza sabuni?

Anayesomea biashara na masoko Xavier, chuo kikuu cha Wajesuiti mjini humo, ana swali gumu zaidi mlangoni kwake: je, hadithi isiyo ya kweli ni halali ikiwa haimdhuru mteja? Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba sabuni hiyo huelea kwa kuwa mfanyakazi alisahau kuzima mashine ya kuchanganyia, hewa ikaingia ndani yake. Lakini daftari la 1863 la James N. Gamble, wa kampuni hiyo hiyo, linaonyesha kwamba alikuwa tayari ametengeneza sabuni inayoelea. Mtu anaweza kuitetea hadithi hiyo: hakuna mteja aliyepunjwa, sabuni ilielea kweli. Lakini mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyekataza uongo hata wa kuokoa maisha, asingeupokea utetezi huo.