Je, Ni Dhambi Mtu Kuihurumia Nafsi Yake?



Mwaka mpya uingiapo, iwe ni Muharram au Januari, watu wengi huketi na kuzihesabu nafsi zao. Jambo hilo ni jema. Lakini wako wazihesabuo kwa ukali wa mdai asiye na huruma. Husema: “Mwaka jana niliazimia kusali usiku, nikashindwa. Niliahidi kuacha pombe, nikairudia. Mimi si kitu.” Kisha hujitwisha nadhiri nzito kuliko zile zilizowashinda, na kabla ya miezi mitatu kupita hukata tamaa, wakaacha hata zile sala tano. Basi yatupasa kuuliza: Je, kuihurumia nafsi ni uvivu, ni dhambi, au ni wajibu?

Kurani Tukufu yataja hali tatu za nafsi. Katika Sura Yusuf imetajwa nafsi iamrishayo maovu. Katika Sura Al-Qiyama, nafsi ijilaumuyo. Na katika Sura Al-Fajr, nafsi iliyotulia. Tazama vizuri mpango huu. Lawama imewekwa katikati. Asiyejilaumu kamwe bado hajaamka. Lakini ajilaumuye bila kikomo amejenga nyumba njiani, naye alitakiwa kufika mwisho wa safari, ambao ni utulivu kwa Mola wake.

Mfano wake tunauona katika nchi ya Ufipa, mkoani Rukwa, kwenye uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mvua za huko huanza yapata Novemba na kwisha yapata Aprili, hivyo Januari humkuta mkulima jembe li mkononi. Tangu zamani Wafipa wana namna yao ya kulima kwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mvua zikikaribia kwisha, mkulima hukwatua majani ya kondeni, akayafukia chini ya udongo na kufanya matuta. Humo majani huoza polepole. Msimu ufuatao huyavunja matuta, akautawanya udongo ulionona, akapanda ulezi au mazao mengine. Majani yale yaliyokuwa adui wa shamba ndiyo yanayolilisha.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, mkulima hayaachi majani yatawale; huyakwatua. Hiyo ndiyo lawama na toba. Pili, akishayafukia, hayafukui kila asubuhi kuyatazama. Vivyo hivyo kosa lililotubiwa kweli hugeuka kuwa unyenyekevu na hekima, likiachwa lioze. Tatu, ardhi iliyotoa hurudishiwa chakula chake. Atakaye kuvuna kila mwaka bila kurudisha kitu, mwisho atavuna vumbi.

Labda mtu atasema: “Huruma ya namna hii itatulegeza, nasi tutazidi kuasi.” La hasha! Kuna tofauti kubwa kati ya kuihurumia nafsi na kuitii. Mama amhurumiaye mtoto mgonjwa humnywesha dawa chungu, wala hampi kila akililiacho. Lakini pia hampigi kwa sababu ameugua. Amtukanaye mgonjwa hajamtibu.

Masahaba walifundishwa jambo hili waziwazi. Salman Mwajemi r.a. alimzuru Abu Dardai r.a., akamkuta amezama katika kufunga mchana na kusali usiku kucha, hata mkewe amesahauliwa. Salman alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Usiku akamtaka alale, na ulipofika mwisho wa usiku wakaamka wakasali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake anayo haki, na nafsi yake inayo haki, na watu wa nyumbani kwake pia, basi kila mmoja apewe haki yake. Habari hiyo ilipofikishwa kwa Mtume Mtukufu s.a.w., alimsadikisha Salman.

Basi, mama urudiye kutoka palizi na mzigo wa kuni kichwani, ulaye mwisho na kulala mwisho, nawe wajisikia mgonjwa na kusema “itapita yenyewe”: mwili huo ni amana, si mali yako ya kuharibu. Nenda ukatibiwe. Kupumzika kwako si wizi.

Nawe ndugu uliyeingia katika dini karibuni, jina la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa ni “tupa uchawi”. Yawezekana nawe umezitupa hirizi zako, lakini bado waibeba aibu ya siku zile. Itupe nayo. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba Uislamu hufuta yaliyoutangulia. Je, wewe ni nani hata uyaandike upya kila siku yaliyofutwa na Mwenyezi Mungu?

Mwaka huu, chagua jambo moja dogo uliwezalo: rakaa mbili kabla ya alfajiri, au usingizi wa kutosha ili alfajiri isikupite. Dumu nalo, kwani Mtume s.a.w. alifundisha kwamba amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni ndogo. Ukianguka, tubu, inuka, uendelee.

Mwenyezi Mungu atujalie nafsi zijilaumuzo kwa haki, na atufikishe kwenye utulivu Wake. Amin.