Ridhaa Mbele ya Lango: Hati Mbili za Isabella wa Mar

Je, ridhaa ya mtu aliyekwisha kunyang'anywa uwezo wa kukataa yaweza kuitwa ridhaa? Swali hili ni la wanafalsafa wa maadili, lakini latuhusu pia sisi wahakiki, kwani mara nyingi ushahidi tulio nao ni matini, na matini husema "mimi" hata pale ambapo kalamu imeshikwa na mwingine. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea hati mbili zilizotolewa Uskoti mwaka 1404.

Kwa kawaida mirathi ya makabaila wa Uskoti ilifuata kuumeni. Hata hivyo, pale ambapo hapakuwa na mtoto wa kiume, binti aliweza kurithi ardhi na cheo kwa haki yake mwenyewe. Ndivyo Marjorie wa Carrick alivyomrithi babake, Niall, aliyefariki mwaka 1256. Lakini haki hiyo ilikuwa na kitanzi ndani yake: mume wa mrithi ndiye aliyeitawala ardhi na kuitwa kwa cheo cha mkewe. Mwanamke alikuwa mwenye mali na, papo hapo, njia ya wengine ya kuifikia mali.

Isabella Douglas aliurithi ukabaila wa Mar kupitia kwa mamake, kwa kuwa nduguye James aliuawa katika vita vya Otterburn mwaka 1388. Mumewe, Malcolm Drummond, alifia kifungoni yapata mwaka 1402. Mwaka 1404, Alexander Stewart, mwana wa nje ya ndoa wa nduguye Mfalme Robert III, aliiteka ngome ya Kildrummy, makao ya Isabella. Tarehe 12 Agosti ikatolewa hati ya hiba iliyompa Alexander na warithi wake Mar yote.

Baadaye mwaka huo huo, Alexander alisimama mbele ya lango la Kildrummy na kumkabidhi Isabella funguo za ngome. Naye, funguo zikiwa mkononi, akatangaza mbele ya mashahidi kwamba amemchagua Alexander kwa hiari yake awe mumewe. Hati mpya ikampa mume Mar kwa muda wa uhai wake. Wasipojaliwa watoto, ingewarudia warithi wa Isabella. Mfalme aliiidhinisha mwaka 1405.

Wapo watakaoliona tukio hilo kuwa kiinimacho tu. Hawajakosea: mtekaji anayerudisha funguo aweza kuzitwaa tena kesho. Lakini wakiishia hapo watashindwa kueleza kwa nini mwenye silaha alizihitaji ishara hizo. Alizihitaji kwa sababu upanga uliweza kumpa ngome, ila haukuweza kumpa cheo. Wahenga walisema, mgala muue na haki yake mpe. Kildrummy methali hiyo iligeuzwa: haki ilirudishwa ili ipate kupokelewa upya kwa heshima.

Hati zote mbili zinasema kwa jina la Isabella. Tofauti yazo haimo katika maneno ya hiari, bali katika kifungu cha warithi. Yamkini shinikizo la mfalme na la jamaa lilichangia; hata hivyo, kifungu hicho kiliweka mpaka ambao hati ya kwanza haikuwa nao. Hatudai kwamba mpaka huo uliutakasa utekaji. Tunadai kwamba udhaifu wa mtoaji haufanyi maneno yake yote kuwa ya mtekaji.

Isabella alifariki mwaka 1408 bila mtoto. Alexander alipofariki mwaka 1435, mfalme aliitwaa Mar, na ni mwaka 1565 tu Malkia Mary alipomrudishia John Erskine, aliyeidai kupitia ukoo wa Isabella. Mpaka uliowekwa langoni ulivunjwa, lakini dai lake lilidumu zaidi ya karne moja.

Basi mhakiki asisome matini za namna hii kwa kuuliza tu iwapo mwanamke aliridhia. Aulize pia: katika kuridhia kwake, ni kitu gani alichokataa kukitoa?