Msitu Upi Uhifadhiwe Kwanza?

Akiwa mtu ana uwezo wa kulinda msitu mmoja tu, na mbele yake iko mitatu, je, ana haki ya kuuchagua mmoja na kuiacha miwili? Suali hili si la kubuni. Milima ya Taita, ambayo msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi huiona upande wa kushoto afikapo Voi, imebakiwa na vipande tu vya msitu wa asili. Vikubwa vyake ni Mbololo, Ngangao na Chawia. Na Mbololo, ulio mkubwa kuliko vyote, haufiki eka 600.

Misitu hii ni ya kale mno. Ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ya milima iteremkayo Pare, Usambara, Uluguru hata Udzungwa, na unyevu wake huletwa na pepo zile zile za bahari zilizoleta majahazi bandarini kwetu. Kwa kuwa kila mlima umezungukwa na nyika kavu, mimea yake imeishi kama watu wa kisiwani, ikawa na jinsi zisizopatikana pengine. Liko ua la ukoo wa Saintpaulia ambalo makao yake ya asili ni Mbololo tu, duniani kote. Ndugu yake wa Usambara alifikishwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, na Hermann Wendland akampa jina mwaka 1893. Leo uzao wake umejaa madirishani Ulaya na Marekani, ilhali huyu wa Taita ana kilima kimoja cha kuishi.

Wataalamu wa mimea hupima viwanja kwa kamba, wakahesabu kila mti ambao shina lake, kwa kimo cha kifua, limefika upana wa sentimita 10. Hukata kijitawi chenye ua au tunda, wakakikausha baina ya magazeti, na kukipeleka Nairobi katika hazina ya mimea mikavu, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishwa mwaka 1950. Ni kazi ya taabu, wala bila yake hapana hukumu. Kadhi hagawi mirathi kabla ya kujua maiti ameacha nini.

Lakini idadi peke yake hudanganya. Msitu uliokatwa-katwa huingiwa na jua, yakaota humo magugu na miti ya upesi, hata jinsi zikaongezeka na huku msitu wenyewe unakufa. (Na wako wanaokiona kilima cha mikaratusi na misonobari wakakiita msitu!) Ndipo Norman Myers na wenzake, mwaka 2000, wakaweka sharti mbili za mahali pa kutangulizwa: pawe na jinsi za mimea ya pekee zisizopungua 1,500, na pawe pamekwisha kupoteza asilimia 70 ya uoto wake wa asili. Milima hii, pamoja na misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ilikuwa miongoni mwa sehemu 25 walizozitaja.

Kwa rai yetu kipimo hiki ni cha haki, kwani chenye mfano wake kikipotea kina badali, na cha pekee hakina. Wako wasemao kwamba kuchagua kimoja ni kukihukumu kingine kufa. Jawabu ni kuwa asiyechagua huliachia shoka lichague, na shoka huanza na kilicho karibu na njia.

Ama liko jambo ambalo daftari halilioni. Anayekatazwa kuni ni mkulima wa huko mlimani, si yule aliyeandika orodha, wala si sisi tunaoisoma. Chawia, uliochakaa kuliko wenzake, waweza kuwa wa mwisho kwa mhesabu mimea, na ukawa wa kwanza kwa mwanamke achotaye maji chini yake. Ikiwa dunia nzima ndiyo itakayonufaika kwa ua la Mbololo kubaki, kwa dalili gani gharama yake itwikwe kijiji kimoja? Mwanamke huyo aulizwe kabla mpaka haujachorwa.