Shari, Dhati na Suhuba

Wanazuoni wa kale walijadiliana sana, na swali lao halijazeeka, iwapo shari ya kitu imo katika dhati yake tangu Mola alipokiumba, au hukijia kwa sababu ya hali kinamowekwa na suhuba kinayoipata. Katika mas'ala haya hapana hoja iliyonitikisa kuliko ile ya bariamu, metali ambayo Humphry Davy aliitenga huko London mwaka 1808.

Kloridi ya bariamu huyeyuka majini kwa wepesi, maji yakabaki maangavu kama ya kisima. Na mtu akiyanywa, ioni za bariamu, zilizokwisha kuachana na wenzi wao, huenea mwilini, zikailegeza misuli na kuuvuruga mwendo wa moyo hata pengine akafa. Lakini katika maji hayo hayo ukimimina maji ya chumvi ya haluli, ambayo ni salfeti ya magnesi, papo hapo hugeuka meupe kama tui, na mashapo yakashuka taratibu chini ya gilasi. Mashapo hayo, yaani salfeti ya bariamu, ambayo lita nzima ya maji haiyeyushi zaidi ya miligramu 2 au 3, ni ya jinsi ile ile anayonyweshwa mgonjwa hospitalini, kikombe kizima, ili tumbo lake lionekane katika eksirei.

Basi shari imo katika kuyeyuka? Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoizingatia kaboneti ya bariamu. Hiyo nayo majini haiyeyuki ila kidogo mno, na anayeihukumu kwa gilasi peke yake ataiona salama. Kumbe ikifika tumboni, tindikali iliyomo huivunja kaboneti ikawa hewa, bariamu ikabaki huru, na ndiyo sababu watu waliitumia kuulia panya. Salfeti haimwachi mwenziwe kwa tindikali hiyo.

Wala dhati ya bariamu haikugeuka hata chembe, kwani uzito ule ule wa atomu zake ndio unaoizuia miale ya eksirei na kumfaa tabibu. Kwa hiyo sikubali kuiita bariamu kiumbe kiovu. Mgonjwa hurejea kwake, akanywa maji mengi kama alivyoagizwa, na siku mbili tatu baadaye hutokwa na choo cheupe: bariamu imetoka mwilini kama ilivyoingia.